Mzee Bowden na Msimu wa 2009: Florida State Ilipomwondoa Kocha Aliyeijenga

Jumamosi ya Novemba 20, 2004, Chuo Kikuu cha Florida State kilimpa kocha wake wa mpira wa Kimarekani, Bobby Bowden, heshima ambayo wengi huipata wakiwa wameshazikwa. Uwanja wa Doak Campbell, mjini Tallahassee, ulibaki na jina lake la zamani, lakini pale kwenye nyasi, panapochezewa, pakaitwa Bobby Bowden Field. Mzee yuko hai, yuko kazini, na kofia yake kichwani. Wageni wa usiku ule walikuwa Chuo Kikuu cha Florida, watani wa jadi kutoka Gainesville, wakiongozwa na Ron Zook, ambaye chuo chake kilikuwa kimeshamfungashia virago mwezi mmoja nyuma na kumwachia amalizie msimu tu. Kocha aliyefukuzwa akamfunga kocha aliyeandikwa jina ardhini, 20 kwa 13. Tangu 1986 Florida walikuwa hawajashinda Tallahassee.

Usiku ule ulifungua ukurasa mbaya. Florida waliendelea kuwafunga kila mwaka hadi 2009, mechi sita mfululizo, na mechi ya sita ndiyo iliyomtoa mzee kazini akiwa na miaka 80.

Wanaosimulia kisa hiki wako kambi mbili. Wapo wanaosema mzee alidhalilishwa na watu aliowatajirisha, na wapo wanaosema alikawia mno kuondoka. Nimekaa nacho muda mrefu na nimeona kila kambi imeshika nusu. Kwa maoni yangu, Florida State walikuwa sahihi kumbadilisha kocha. Lakini uamuzi huo walikuwa wameshauandika kwenye karatasi miaka miwili kabla, wakakosa ujasiri wa kumweleza mwenyewe tarehe. Kilichotokea Novemba 2009 kilikuwa malipo ya ukimya huo.

Msomaji aliyezoea soka la kwetu, ambako kocha akifungwa mechi nne kibarua chake kinaota nyasi, anahitaji kuelewa kwanza kocha wa chuo cha Marekani ni mtu gani. Timu za vyuo wakati ule hazikuwa zikinunua wachezaji wala kuwalipa mishahara. Kocha alikwenda nyumbani kwa kijana wa sekondari, akaketi sebuleni na mama yake, akala chakula chao, akaahidi kwamba mtoto atasoma na atacheza. Mama yule alikuwa anamkabidhi mwanawe kwa mtu, si kwa klabu. Kwa hiyo jina la kocha ndiyo bidhaa yenyewe, na kocha akidumu miaka thelathini, chuo, mji na jina lake vinakuwa kitu kimoja.

Jambo la pili ni kwamba katika mpira wa Kimarekani wanaoshambulia na wanaolinda hawaingii uwanjani pamoja. Ni vikosi viwili tofauti, kila kimoja na mwalimu wake mwenye mamlaka makubwa. Kocha mkuu anaweza kuwa fundi anayechora kila mchezo kwa mkono wake, au akawa mwenye nyumba: anachagua mafundi, anawapa nafasi, anasimama mbele ya wazazi na wafadhili. Bowden alianza kama fundi, tena mwenye ujanja wa kufurahisha. Mwaka 1988, ugenini Clemson, mechi ikiwa sare na dakika zikiyoyoma, timu yake ilijipanga kana kwamba inaupiga mpira mbali kwa mguu. Mpigaji akaruka juu kana kwamba mpira umempita kichwani, kumbe ulikuwa umepokelewa na mwenzake mbele yake na kufichwa katikati ya mapaja ya mchezaji mwingine, LeRoy Butler. Butler akauchomoa, akakimbia yadi 78 huku Clemson wakitazama upande mwingine. Florida State wakashinda 24 kwa 21. Huyo ndiye Bowden wa miaka ya themanini.

Alichokikuta Tallahassee kinafaa kukumbukwa, maana bila hicho huwezi kuelewa kwa nini watu walisita. Hadi 1947 chuo hiki kilikuwa cha wanawake. Katika misimu mitatu kabla ya ujio wake, 1973 hadi 1975, timu ilishinda mechi 4 na kupoteza 29. Bowden akatoka West Virginia mwaka 1976, akashinda 5 na kupoteza 6, na tangu hapo hakuwahi tena kumaliza msimu akiwa amepoteza mechi nyingi kuliko alizoshinda. Misimu 33 mfululizo. Mwaka 1981, kwa kuwa chuo kilihitaji fedha na jina, alikubali kwenda kucheza mechi tano mfululizo ugenini, Nebraska, Ohio State, Notre Dame, Pittsburgh na LSU (Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana), ratiba ambayo kocha mwenye akili zake timamu angeikimbia. Akashinda tatu. Kuanzia 1987 hadi 2000, misimu 14, kila mwaka alishinda mechi zisizopungua 10 na kumaliza ndani ya tano bora ya nchi nzima. Ubingwa wa taifa aliutwaa 1993 na 1999, na ule wa 1999 timu ilikaa nambari moja kuanzia kabla ya mechi ya kwanza hadi baada ya ya mwisho, jambo ambalo hakuna timu iliyowahi kulifanya kabla yake.

Kwa hiyo anayesema "wangemfukuza tu 2004" ajiulize ni nani angeweza kumwita mtu huyo ofisini, na ofisi yenyewe imejengwa kwa fedha za mashabiki aliowaleta yeye.

Mporomoko haukuanza kwa umri wake. Ulianza pale benchi la ufundi lilipoanza kumong'onyoka. Chuck Amato aliondoka 2000 kwenda kuwa kocha mkuu North Carolina State. Mwisho wa mwaka huohuo Mark Richt, aliyekuwa akiongoza ushambuliaji, akachukuliwa na Georgia, na ndani ya miaka miwili akawapa Georgia ubingwa wa ligi yao. Kuondokewa na wasaidizi ni kawaida kwa timu inayoshinda. Kinachompima kocha ni nani anamweka mahali pao. Bowden aliikabidhi safu ya ushambuliaji kwa mwanawe, Jeff.

Hapa ndipo roho yangu inapouma ninapokisoma kisa hiki, kwa sababu kosa hili lilitokana na upande mzuri wa mzee. Alikuwa mtu wa familia na mtu wa kutunza watu. Mickey Andrews, mwalimu wa ulinzi, alikaa naye misimu 26. Uaminifu wa namna hiyo ndio uliowafanya akina mama wa Florida na Georgia wamwamini na watoto wao. Lakini uaminifu huohuo ulimfunga mikono. Mwaka 2001 timu ilishinda mechi 8, ikiwa mara ya kwanza tangu 1986 kukosa ushindi wa mechi 10. Ikafuata misimu ya 9, 10, 9, 8. Mashabiki wakaanza kumzomea kijana kila mpira ulipopotea, na baba amesimama hatua chache kutoka kwake. Novemba 11, 2006, Wake Forest, chuo kidogo ambacho zamani kilikuja Tallahassee kuchukua kichapo na kurudi nyumbani, kikashinda 30 kwa 0. Kabla ya siku hiyo Bowden hakuwahi kumaliza mechi ya nyumbani bila pointi hata moja. Siku chache baadaye Jeff akaachia ngazi, na wafadhili wakalipa zaidi ya dola nusu milioni kumsindikiza.

Baada ya hapo mzee alifanya alichopaswa kufanya mapema. Alimleta Jimbo Fisher kutoka LSU aongoze ushambuliaji, kijana aliyekuwa kama wa ukoo, kwani alichezea timu ya Terry Bowden, mtoto mwingine wa mzee, akawa pia msaidizi wake. Upande wa ushambuliaji ukapata uhai, na mwaka 2008 timu ikashinda 9 na kupoteza 4. Upande wa ulinzi hakuugusa. Andrews aliwahi kuwa msaidizi bora wa taifa, 1996, naye alikuwa rafiki.

Wapinzani nao walikuwa na silaha sebuleni kwa akina mama. Walikuwa na swali moja tu la kumuuliza kijana: huyo mzee atakuwepo utakapofika mwaka wa tatu? Halikuwa swali la hila, na Florida State hawakuwa na jibu. Ndiyo maana Desemba 2007 chuo kilimtangaza Fisher rasmi kuwa mrithi wa kiti. Mkataba ulisema kwamba ikiwa hatakuwa kocha mkuu kufikia mwanzo wa 2011, atalipwa fidia, na fidia hiyo ilifikia dola milioni 5.

Naomba tusimame hapa kidogo, maana watu wengi huruka ukurasa huu na kwenda moja kwa moja kwenye vichapo vya 2009. Siku karatasi ile iliposainiwa, swali la "tumwondoe mzee au tumwache" lilikuwa limeshajibiwa. Limebaki lini. Na hilo la lini hakuna aliyelitamka. Mrithi alikuwa na tarehe iliyoandikwa na fedha nyuma yake, ilhali mzee alikuwa na mkataba wa kuhuishwa mwaka hadi mwaka na matumaini yake. Mashabiki walielewa wanavyotaka, Bowden akaelewa kwamba ataamua mwenyewe. Watu wawili wakakaa kwenye benchi moja kila Jumamosi, mmoja akijua kwamba kila mwaka wa mwenzake unamgharimu yeye mwaka.

Juu ya hayo kulikuwa na hesabu ya ushindi. Bowden na Joe Paterno wa Penn State walikuwa wakikimbizana kuwa kocha mwenye ushindi mwingi zaidi katika daraja la juu la mpira wa vyuo. Lakini Machi 2009, NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, kilitoa hukumu kuhusu udanganyifu katika somo la historia ya muziki lililofundishwa kwa intaneti: wanamichezo 61 wa michezo kumi walihusika. Miongoni mwa adhabu ilikuwa kufutwa kwa ushindi wa mechi walizocheza wahusika. Mzee akapoteza ushindi 12 kwenye vitabu, akabaki na 377 badala ya 389 alizoshinda uwanjani. Mashindano na Paterno yakawa yamekwisha. Nadhani hilo lilimfanya mzee aone aibu ya kuondoka wakati ule, na wakubwa wa chuo waone kwamba sababu ya kumsubiri imekwisha. Tukio lilelile liliwasukuma pande mbili tofauti.

Msimu wa 2009 ulianza kwa kufungwa na Miami 38 kwa 34, mechi iliyoamuliwa mpira wa mwisho ulipodondoka chini ndani ya eneo la kufungia. Wakaifunga Jacksonville State, kisha wakaenda Provo, wakaichapa BYU (Chuo Kikuu cha Brigham Young) 54 kwa 28. Halafu wakafungwa nyumbani na South Florida, chuo ambacho hakikuwa na timu ya mpira kabla ya miaka ya tisini, 17 kwa 7. Kisha Boston College, 28 kwa 21. Wameshinda mbili, wamepoteza tatu.

Siku mbili baada ya mechi ya Boston, Jim Smith, mwenyekiti wa baraza la wadhamini la chuo na mwanasheria mkuu wa zamani wa jimbo, alisema hadharani kwamba enzi ya Bowden iishe mwisho wa msimu. Sina shida na maoni yake, maana hata mimi nayaona hivyo. Shida yangu ni kwamba hayakuwa ya kusemwa na yeye, wala hayakuwa ya kusemwa kwenye magazeti mwezi wa Oktoba. Kuna mkurugenzi wa michezo, Randy Spetman, na kuna rais wa chuo, T.K. Wetherell. Wazee kama wale huitwa pembeni. Wiki ileile vijana wa miaka 19 na 20 waliingia uwanjani na habari hiyo kichwani, wakafunga pointi 44 na bado wakapoteza, maana Georgia Tech walifunga 49.

Ukitaka kujua ugonjwa ulikuwa wapi, mechi hiyo moja inatosha. Na kama haitoshi, ipo ya Oktoba 31, walipoifunga North Carolina State 45 kwa 42. Kwa msimu mzima walifunga wastani wa pointi 30 kwa mechi na kufungwa wastani wa pointi 30. Ushambuliaji wa Fisher ulikuwa unajenga na ulinzi wa Andrews unabomoa. Andrews mwenyewe alitangaza mapema Novemba kwamba anastaafu msimu ukiisha. Novemba 7 Clemson wakawafunga 40 kwa 24. Kesho yake mzee akatimiza miaka 80.

Sasa tuwape nafasi waliotaka abaki, maana hoja zao hazikuwa za mapenzi matupu. Hoja yao kubwa ilikuwa Paterno. Mwaka 2003 Penn State walishinda mechi 3 tu, 2004 wakashinda 4, na wakubwa wa chuo, rais Graham Spanier akiwemo, wakaenda nyumbani kwa Paterno kumwomba astaafu. Akakataa. Msimu uliofuata akashinda mechi 11 na kupoteza moja, na katika mechi ya kufunga msimu huo, Orange Bowl ya Januari 2006, aliyefungwa baada ya vipindi vitatu vya nyongeza, 26 kwa 23, alikuwa nani? Bowden. Mtu aliyesimama upande wa pili wa uwanja usiku ule na kuona kocha aliyekataa kuondoka akibebwa na ushindi, ungemwambiaje kwamba wazee hawafufuki?

Hoja ya pili ilikuwa Tennessee. Mwaka mmoja tu kabla, Novemba 2008, walimwondoa Phillip Fulmer, mwana wa nyumbani, kocha tangu 1992, aliyewapa ubingwa wa 1998 kwa kuwafunga haohao Florida State. Wakamleta Lane Kiffin. Akakaa msimu mmoja, Januari 2010 akakimbilia Southern California, wanafunzi wakatoka usiku kuandamana kwa hasira. Aliyefuata, Derek Dooley, hakupata msimu hata mmoja wenye ushindi mwingi kuliko vichapo. Tennessee walikuja kushinda tena mechi 10 au zaidi mwaka 2022. Haya mengi yalitokea baadaye, lakini hofu yake ilikuwepo tayari mwaka 2009, kwa kuwa Nebraska walishapita njia hiyo: 2003 walimfukuza Frank Solich aliyeshinda mechi 9, mwaka uliofuata wakapata msimu wao wa kwanza wenye vichapo vingi kuliko ushindi tangu 1961.

Ukizipima hoja hizo, utaona zinajibu swali jingine. Tennessee na Nebraska waliangushwa na kukosa jibu la "nani anafuata". Florida State walikuwa na jibu, tena limekaa kwenye benchi lao miaka mitatu, linawajua vijana kwa majina na limekaa sebuleni kwa mama zao. Paterno naye alipoambiwa aondoke hakukuwa na mrithi aliyeandikiwa tarehe. Kumbakiza Bowden mwaka 2010 kungemaanisha kumlipa Fisher dola milioni 5 au kumkalisha benchi mwaka mwingine wa manung'uniko, huku mwalimu wa ulinzi ameshaaga. Mzee wa miaka 80 angelazimika kujenga nusu ya benchi upya.

Na hapo ndipo mimi ninapokata shauri. Kocha mkongwe haumpimi kwa umri, wala kwa vichapo vya msimu mmoja. Unamwuliza: bado unaweza kuwabadilisha watu wako? Bowden alibadilisha ushambuliaji baada tu ya kufungwa 30 kwa 0 mbele ya nyumba yake, na ulinzi hakuubadilisha kabisa, ulimwacha wenyewe. Kwa mwenye nyumba, ambaye kazi yake imebaki kuchagua mafundi, hilo ndilo lote.

Jumamosi ya Novemba 28 Florida wakawafunga 37 kwa 10. Jumatatu, Novemba 30, Wetherell na Spetman wakakutana na mzee. Yeye alitaka mwaka mmoja zaidi. Alichopewa ni kubaki na cheo bila mamlaka, kama balozi wa timu, au aondoke. Kesho yake ikatangazwa kwamba anastaafu.

Wetherell mwenyewe alichezea Florida State katika miaka ya sitini, na Bowden, kabla hajawa mtu mkubwa, alikuwa pale kama kocha msaidizi akiwafundisha wapokeaji mpira. Aliyemwambia mzee kwamba basi alikuwa kijana wake. Na rais huyo naye alikuwa ameshatangaza kuondoka madarakani. Sijui kama kuna njia nyepesi ya kufanya jambo lile, ila najua ile ya kumpa mtu kiti kisicho na kazi haikuwa heshima. Umemwandika jina uwanjani, halafu unamwomba asikanyage.

Walichopaswa kufanya kilikuwa Desemba 2007, si Novemba 2009. Wamwite mzee kabla ya kumwita Fisher, wamwambie: tunamweka kijana wako mwenyewe kuwa mrithi, na msimu wako wa mwisho ni huu, taja wewe mwaka, 2008 au 2009, tuuandike. Angekasirika, pengine sana. Lakini angekuwa na misimu miwili ya kuaga uwanja mmoja mmoja, kila mji aliowahi kuucheza ukimpigia makofi. Virginia Tech walikuja kuonyesha kwamba inawezekana: Novemba 1, 2015, akiwa katika msimu wake wa 29, kocha Frank Beamer alitangaza mwenyewe kwamba msimu huo ni wa mwisho, ukiwa bado unaendelea. Mashabiki wakapata mechi ya mwisho ya nyumbani wakijua ni ya mwisho. Watu wa Tallahassee hawakupata. Waliokuja kuangalia Maryland Novemba 21, 2009, walishangilia ushindi wa 29 kwa 26 na kwenda zao, bila kujua kwamba ndiyo mara ya mwisho kumwona mzee akifundisha pale.

Walichobakiza ni Gator Bowl, mechi ya kufunga msimu, Jacksonville, Januari 1, 2010, dhidi ya West Virginia, timu aliyoifundisha kabla ya kuja Florida. Kabla ya kila mechi ya nyumbani, Florida State wana desturi ya mpanda farasi aliyevaa kama Osceola, shujaa wa kale wa Waseminole, wenyeji wa Florida, kuja hadi katikati ya uwanja na kuchoma mkuki unaowaka moto ardhini. Siku ile mkuki alishika Bowden. Timu ikashinda 33 kwa 21, vijana wakambeba mabegani.

Fisher alimleta Mark Stoops kufundisha ulinzi. Wachezaji wengi walikuwa walewale, na msimu wa 2010 pointi za kufungwa zikashuka kutoka wastani wa 30 hadi takriban 20. Wakashinda mechi 10, wakawafunga Florida 31 kwa 7. Mwaka 2013 wakashinda mechi zote 14 na kutwaa ubingwa wa taifa. Kuna watakaosema Andrews alikuwa anaondoka vyovyote, kwa hiyo ulinzi ungepona hata mzee angebaki. Inawezekana. Ila sioni kama Bowden angetoka nje ya watu wake kumtafuta Stoops.

Fisher naye alikuja kuondoka 2017, timu ikiwa imeporomoka, akaenda Texas A&M kwa mkataba wa miaka kumi na dola milioni 75. Walipomfukuza mwaka 2023 walikubali kumlipa zaidi ya dola milioni 75 akae nyumbani. Ukiweka zile milioni 5 za 2009 karibu na hizo, unaona jinsi swali hili lilivyobadilika: siku hizi vyuo huanza kwa kusoma mkataba, na mpira unaangaliwa baadaye.

Mzee alikaa mbali na uwanja ule karibu miaka minne. Hakwenda kwenye mechi, hata moja. Wakati Wetherell alikuwa ameshaondoka, rais ni mwingine, na Fisher yuko kwenye msimu wake wa ubingwa, Oktoba 26, 2013, kabla ya mechi na North Carolina State, Bobby Bowden aliingia kwenye nyasi zenye jina lake, akiwa na miaka 83, akapewa mkuki unaowaka, akauchoma ardhini. Alifariki Agosti 8, 2021.